Walisema printa ina virusi, sasa wanataka kunirudishia hela

Kaka Fundi, shikamoo.

Nina steshenari ndogo hapa Moshi, si mbali na stendi. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya mikopo ya chuo watoto wanapanga foleni mpaka nje. Leo nimefunga saa nane mchana ili nikuandikie. Sijawahi kufunga mapema tangu nifungue hili duka, ila siku hizi kila mteja akiingia na flashi yake namwona kama amekuja kunidai.

Wiki mbili zilizopita, Jumanne, printa iligoma. Imewaka, karatasi zipo, wino upo, lakini kompyuta inaniandikia offline. Nje watu sita wanasubiri, mmoja anapiga ulimi. Nikaingia Google, nikaandika jina la printa na neno draiva, ile programu inayoiunganisha printa na kompyuta, nikabofya jibu la kwanza kabisa pale juu. Ukafunguka ukurasa mzuri wenye rangi na nembo ya kampuni. Nikaandika modeli, mstari wa kijani ukaanza kutembea, ulipofika asilimia sabini na kitu ukageuka mwekundu: imeshindikana, wasiliana na mhudumu. Pembeni kikajifungua kisanduku cha kuchati. Wakaomba namba yangu, na dakika haikuisha nikapigiwa WhatsApp kutoka namba ya nje.

Kaka, yule mtu alikuwa na adabu kuliko mhudumu yeyote niliyewahi kuongea naye. Kila sentensi "madam". Akanielekeza kupakua AnyDesk, programu ya kumruhusu mtu aliye mbali aendeshe kompyuta yako, nikamsomea zile namba zake, nikabonyeza kukubali, mshale ukaanza kutembea wenyewe. Akafungua orodha ndefu imejaa alama nyekundu na njano, akasema zote hizo ni virusi, ndizo zimeua printa. Kisha akafungua dirisha jeusi, maandishi yakateremka, akanionyesha palipoandikwa Foreign Address. "Unaona, madam? Wageni wako ndani ya mashine yako." Kiingereza changu ni cha sekondari, lakini foreign naijua. Jasho lilinitoka.

Akasema matengenezo na ulinzi wa mwaka mzima ni dola 149. Nikaandika namba za kadi ya benki, na zile tatu za nyuma. Akaniambia nifungue na akaunti ya benki tuhakikishe virusi havijafika huko, nikafungua huku anaangalia. Hapo hapo umeme ukakatika. Kompyuta puu, na wifi puu. Nilikasirika kwanza, baadaye nikasema Mungu ameniokoa. Usiku saa tano ujumbe wa benki ukaingia: zimetoka tena dola 299.

Kwa hela zetu ni kama milioni moja na laki moja na ushei. Na hapo ndipo penye donda, maana mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama, na laki sita katika hizo si zangu. Jumapili ijayo ni kikao. Mume wangu hajui. Benki sijaenda, naogopa kuulizwa kwa nini nilitoa namba mwenyewe. Nilichofanya ni kuhamishia salio lililobaki M-Pesa.

Sasa tangu juzi ananipigia mtu mwingine, anasema ni idara ya marejesho, ile kampuni imefungiwa na wateja wote wanarudishiwa hela zao. Anajua kiasi changu mpaka dola ya mwisho, 448. Anataka niweke AnyDesk kwenye simu kisha nifungue akaunti anitumie. Binamu yangu anasema ni wezi wale wale. Lakini angejuaje kiasi kama si mtu wa ndani? Na kompyuta je? Tangu siku ile pembeni mwa skrini zinachomoza ilani kwamba nina virusi vitano. Binamu anasema nifomati tu yaishe.

Mama Steshenari, Moshi

---

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na huyo wa marejesho, maana mengine yanaweza kungoja hadi umalize kunisoma, yeye hangoji. Usimpokee. Anajua ni 448 kwa sababu yeye au mwenzake wa meza ya pili ndiye aliyeichukua. Orodha ya waliokwisha kulizwa huuzwa na kugawanwa, na mtu aliyelizwa mara moja, mwenye shida ya kurudisha hela za watu, ndiye mteja wanayemtaka kuliko wote. Ukimruhusu aingie atakufungulia ukurasa wa benki, atabadilisha maandishi yaliyo mbele ya macho yako tu, bila kugusa hela yoyote kule benki, na utaona umeingiziwa dola 4,480 badala ya 448. Hapo ataanza kulia. Madam, nimekosea sifuri moja, nitafukuzwa kazi, nina watoto, nirudishie ile ya ziada kwa namba hii. Utarudisha hela yako halisi kufidia hela ambayo haijawahi kuwepo. Binamu yako ana akili, msikilize kwa hilo. La kufomati tutabishana naye baadaye.

Pili, benki. Uende leo kama bado hawajafunga, la sivyo kesho asubuhi kabla hujafungua duka. Ungeanza kwa kupiga namba iliyo nyuma ya kadi waizuie, maana kadi hiyo bado iko hai mpaka sasa na mwenzako anazo namba zote. Ndiyo maana ile ya usiku ilitoka kompyuta ikiwa imezima: hakuihitaji tena. Wewe ulidhani mlango ni kompyuta, kumbe ufunguo ulishamkabidhi. Usishangae pia kwamba hukuulizwa namba ya uthibitisho kwenye simu, wauzaji wengine wa nje hawaiulizi. Kuhamishia salio M-Pesa kulisaidia kwa siku ile, lakini mshahara au malipo yoyote yakiingia kwenye akaunti ile yatakuwa yanaingia kwenye sufuria lenye tundu.

Ukifika kaunta usiseme "nimetapeliwa" ukanyamaza. Sema unataka kupinga miamala miwili ya kadi, na uitenganishe. Ile ya dola 299 hukuiidhinisha kabisa, hiyo ina nguvu. Ile ya 149 uliiandika mwenyewe, ila ulilipia huduma ya uongo kwa watu waliojifanya kampuni nyingine. Hiyo ni ngumu zaidi lakini hupingwa pia. Malipo ya kadi yana utaratibu wake wa kudai kurudishiwa, na utaratibu huo una muda. Wiki mbili umeshazila kwa aibu. Sikuahidi kwamba zitarudi. Nakwambia tu kwamba asiyeomba hapewi fomu.

Pitia polisi uchukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwanza au mara baada ya hapo, maana benki watakuuliza. Beba picha za skrini za WhatsApp, namba iliyokupigia, muda wa kila muamala na jumbe za benki. Natumaini hujayafuta yale mazungumzo kwa hasira. Wengi hufuta, kisha wanakuja kwangu mikono mitupu. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015 na jambo lako linaingia humo moja kwa moja, hivyo askari wa kaunta akikutazama kama umekuja kushtaki jini, omba kuonana na wanaohusika na makosa ya mtandao.

Sasa nikuonyeshe ulichoonyeshwa, kwa sababu nadhani kinachokuumiza zaidi ya hela ni kule kujiona mjinga.

Ile orodha ya alama nyekundu na njano inaitwa Event Viewer. Ni daftari la Windows. Kila jambo dogo linaandikwa humo: programu ilichelewa kufunguka, saa haikuoana, printa haikujibu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, uone. Hii ninayoandikia ni nzima kabisa, na nimeifungua sasa hivi: nyekundu zimejaa. Hata mashine iliyotoka kwenye boksi asubuhi, jioni ina njano zake. Ni kama mtu aingie kwako, afungue ndoo ya taka, apige kelele kwamba nyumba imejaa taka.

Lile dirisha jeusi ni amri inayoitwa netstat. Inaorodhesha kompyuta yako inaongea na nani kwenye intaneti kwa wakati huo. Foreign Address maana yake ni anwani ya upande wa pili, basi. Ukiwa umefungua WhatsApp kwenye kompyuta itaonekana humo, ukiwa umefungua barua pepe itaonekana. Mgeni halisi aliyekuwemo siku ile ni mmoja, na alikuwa anakuita madam.

Na ule mstari wa kijani? Nina mashine ya zamani hapa dukani ambayo haina kitu cha kuibiwa, naitumia kuchokonoa takataka za namna hiyo. Nilifungua ukurasa mmoja wa aina uliyoisimulia, wakaniomba modeli ya printa, nikaandika Mshare 2000. Ndizi! Wakaikubali, mstari ukatembea kwa heshima zote, ukafika juu juu huko ukageuka mwekundu, kisanduku cha kuchati kikafunguka. Hakuna kinachopakuliwa pale. Ni mchoro unaotembea. Ukurasa wenyewe ulilipiwa tangazo ili ukae juu ya majibu halali, na ukiangalia vizuri juu yake kuna kineno kidogo kinachosema ni tangazo. Draiva haiuzwi, mdogo wangu. Kampuni za printa huitoa bure kwenye tovuti zao, na anwani ya tovuti huwa imeandikwa kwenye boksi au kile kitabu cha maelezo tunachofungia maandazi.

Biashara hii si ngeni. Mwaka 2012 Tume ya Biashara ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya makundi sita ya namna hii, mengi yakipiga simu kutoka India na kujifanya Microsoft na kampuni za antivirusi. Wakati huo walikuwa wanapiga wao. Siku hizi wanatega ukurasa, unawapigia wewe. Wengine hukujazia skrini nzima ving'ora na namba ya simu, wakikukataza kuzima kompyuta. Wasomaji wengine walio kimya na wasikie: Microsoft wanasema wazi kwamba ilani zao za kweli haziwi na namba ya simu. Ukiona namba, ni ukurasa wa intaneti tu. Shikilia Esc, au Alt na F4, ikigoma bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, funga kivinjari kizima, na ukikifungua tena usikubali kikurudishe pale ulipokuwa.

Nami nikuambie yangu. Miaka hiyo, mwisho wa mwezi, nimekaa dukani na kodi ya fremu mfukoni, ukaingia ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii. Nikajua ni mwenye fremu kabadilisha laini. Nikatuma elfu themanini. Fundi mzima, ninayeandika ushauri! Wale hawakunijua kabisa. Walitawanya ujumbe kwa watu wengi na ukanikuta kwenye dakika ambayo kweli nilikuwa nadaiwa. Wewe pia hukushikwa kwa sababu ya Kiingereza cha sekondari. Ulikuwa na watu sita nje na mmoja anapiga ulimi.

Kompyuta. Kwanza ichomoe kwenye intaneti, ikae hivyo hadi mwisho. AnyDesk yenyewe si mbaya, mimi naitumia kuwasaidia wateja wa Karatu nikiwa nimekaa Arusha. Ubaya ni nani umemfungulia, na kwamba akishaingia anaweza kuweka nenosiri lake ili kesho aingie bila kukuuliza, au kuacha programu ya pili unayoishi nayo bila kuijua. Nimewahi kutoa tatu kwenye mashine moja ya mzee mmoja wa Tengeru, naye alikuwa ameshaifuta AnyDesk akalala usingizi mnono. Kwa hiyo kwenye kufomati binamu yuko sahihi, isipokuwa lile neno "tu". Ukifomati leo bila kunakili kazi za wateja utakuwa umejiibia mara ya tatu. Nakili nyaraka, picha na faili za kazi kwenye diski ya nje. Usinakili programu wala vifurushi vya kusakinisha. Ndipo uweke Windows upya, kisha uikague hiyo diski kwa antivirusi kabla hujarudisha kitu. Zile ilani za pembeni kwa kawaida ni kivinjari: siku ile ulibonyeza kuruhusu taarifa bila kusoma, na sasa tovuti ile inakutumia vitisho. Zitaondoka zenyewe kwenye kufomati, ila mwenye tatizo hilo pekee anaingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya taarifa, anaifuta tovuti hiyo.

Manenosiri yabadilishe kwa simu, usitumie hiyo kompyuta. Barua pepe kwanza, maana hiyo ndiyo inayofungua mengine yote, kisha benki. Halafu fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, toa vyote. Wateja wako wanakutumia kazi kwa WhatsApp, sivyo? Basi kama ilikuwa imefunguliwa kwenye kompyuta, siku ile alikuwa na uwezo wa kuyasoma mazungumzo yote.

Na hapo tumefika kwenye jambo ambalo hukuliuliza, ila uliligusa uliposema kila mwenye flashi unamwona anakudai. Nazijua steshenari. Kwenye kompyuta hiyo kuna folda yenye vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, namba za simu za wazazi. Na nakuwekea dau la chipsi mayai kwamba kuna faili moja lenye majina ya wanafunzi na nenosiri la akaunti ya kila mmoja ya mkopo, kwa sababu wao husahau na wewe ndiye unayeulizwa. Sisemi ameyachukua. Nasema alikuwa na nafasi. Laini ya simu haisajiliwi kwa kivuli cha kitambulisho bila alama za vidole, hiyo ni nafuu. Hofu yangu ni simu kwa mama mmoja wa Rombo: mtoto wako fulani, wa shule fulani, mkopo umetoka, tuma elfu ishirini tuufungue. Anayepiga ana kila kitu sahihi, mama ataachaje kuamini?

Waambie. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, mtu anayehifadhi taarifa za wenzake ana dhamana nazo kisheria, lakini hata bila sheria hao ni watoto wa majirani. Huhitaji maelezo marefu. Andika hivi, tuma kwa kila namba uliyonayo: "Habari. Tarehe fulani mtu asiyejulikana aliingia kwenye kompyuta ya duka letu. Huenda aliona nyaraka ulizoleta. Tafadhali badilisha nenosiri la akaunti tuliyokufungulia, na mtu akikupigia kuomba hela akitaja taarifa zako, usitume, nipigie kwanza." Waambie pia wapige *106# waone kama kuna laini wasiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chao, na ujumbe wowote wa kitapeli waupeleke 15040. Utapoteza wateja wawili watatu. Wale wengine watakuletea na wadogo zao. Na lile faili la manenosiri lifute, mwanafunzi ayaandike kwenye daftari lake mwenyewe.

Kikoba. Hapa nitakuwa mkali kidogo: hela ya kikoba ilikuwa inatafuta nini kwenye akaunti yenye kadi yako? Nimemaliza. Mwambie mumeo leo usiku, kabla ya kumwambia mtu mwingine, ili Jumapili usiingie peke yako. Kesho, ukitoka benki, mfuate mwenyekiti nyumbani kwake ukiwa na RB na karatasi ya benki ya kupinga miamala. Kikao kikisikia kutoka kwa mwenyekiti kwamba ulikuja mwenyewe, na karatasi zipo, mtapanga namna ya kurejesha kidogo kidogo. Kikisikia kutoka kwenye daftari la hesabu ni kesi nyingine kabisa. Na tafadhali usiende kukopa kausha damu ili uzibe pengo usiku wa Jumamosi. Hilo ni tapeli lenye ofisi.

Ile printa, karibu niisahau. Ukimaliza kuweka Windows upya, chomoa waya wa USB pande zote mbili, urudishe, ikiwezekana tundu jingine. Fungua orodha ya printa, bofya yako, angalia kama pamewekwa tiki kwenye Use Printer Offline, itoe. Mara nyingi ni hiyo tiki tu, hujiweka waya ukicheza kidogo. Windows yenyewe itaitafuta draiva. Ikigoma bado, ifunge kwenye boksi, mpe konda wa basi la asubuhi la kuja Arusha, nitaipokea stendi. Nauli ya mzigo nitalipa mimi.